Acha injini ya Cub, angalia propela kwanza

Wasee, wacha niseme tu, mtanitukana baadaye: Piper Cub ya kitambo haihitaji injini ya nguvu farasi 100 ndio ipae vizuri Nairobi. Angalia propela kwanza.

Nasomea ufundi wa ndege, na Jumamosi huwa naosha J-3 ya mzee mmoja hivi. Ndege ni ya 1946, imemzidi babu yangu umri. Malipo yangu ni kupakiwa. Mwezi uliopita karibu nilipwe kwa mahindi. Tulikuwa kiwanja cha nyasi nje ya mji, kama futi 5,500 juu ya bahari, saa nane mchana, jua kali, watu wawili ndani. Tulikimbia nyasi zote, tukainuka, halafu ndege ikakataa kupanda. Shamba la jirani likaja usoni. Tulipita juu yake nikiwa nimeinua miguu, kama hiyo ingesaidia.

Kurudi hanga, kila mtu akawa mtaalamu. Injini ni ndogo, weka O-200, doo itapatikana. Fundi hakusema kitu. Alifunga mkia kwa kamba, akaweka magogo kwa magurudumu, akawasha na kusukuma gesi mpaka mwisho. Geji ya mizunguko ikagoma 1,950.

Sasa shikeni hapa. Continental A-65 hutoa nguvu farasi 65 ikizunguka mara 2,300 kwa dakika, tena usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Joto likiwa nyuzi 28 kwenye hicho kiwanja, injini inapumua kama iko futi 8,400, na zile 65 zinabaki kama 48. Halafu hizo kidogo unazifungia propela ya safari. Yetu ilikuwa na pichi ya 46, yaani ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao, kila mzunguko ingesonga inchi 46. Ni sawa na matatu iliyojaa kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru na gia ya nne. Hata ungekuwa dereva noma aje, itakohoa tu.

Ukishusha pichi hadi 42, umerudisha gia chini. Injini inapata nafasi ya kuzunguka, na nguvu iliyokuwa imelala inaamka. Bei ya propela moja haikaribii ya injini. Lakini iwe ni propela iliyoorodheshwa kwenye cheti cha aina ya hiyo ndege, si ati umeona ya bei poa mtandaoni ukabeba. Na kuna kitu unapoteza: mwendo wa safari unashuka, na ukiteremka lazima uchunge geji isipite 2,300. Mimi nitafika Naivasha nimechelewa, sawa tu.

Bado haitoshi? Basi tuongee injini, na mimi nasema C-85. Umbo lake linakaribiana sana na A-65, na mchana ule ule ingekupa kama 63, karibu kile Cub ilikuwa inapata usawa wa bahari. Hii O-200 mnayoililia hutoa 100 ikifika mizunguko 2,750. Cub hupanda polepole na propela ndefu, so wakati unazihitaji hizo 100, injini haifiki huko. Umelipia namba. Na chaguo lolote la injini linataka idhini ya KCAA kabla mtu aguse spana.

Kuhusu stata, hapo nawaelewa. Kuzungusha propela kwa mkono si mchezo, na aliyepoteza vidole hakupewa vingine. Lakini piga hesabu. Cub inaruhusiwa kilo 553, na ikiwa tupu ni kama 345. Watu wawili wa kilo 85 na tangi lililojaa, umebaki na kilo tano hivi. Hiyo betri utaibeba wapi, kwa mapaja?

Mbao au chuma? Mimi ni timu mbao. Ni nyepesi, na ikigonga ardhi huvunjika yenyewe, kranki ikapata nafasi ya kupona, ingawa ukaguzi haukwepeki. Shida ni kwamba mbao hunywa unyevu. Ukikaa Malindi wiki mbili kisha urudi huku kukavu, boliti za katikati zinahitaji kukaguliwa upya. Watu husahau hiyo, na ndio inanitisha kuliko mahindi.

Mzee amekubali 42. Ikishafungwa tutajaribu saa mbili asubuhi, kukiwa na baridi, yeye peke yake kwanza. Mimi nitakuwa chini nimeshika simu, nikihesabu sekunde.