MTOTO MCHANGA NA MLANGO WA NDEGE



Safari ya ndege kutoka Kisauni mpaka Dar es Salaam haizidi kiasi cha dakika 20 angani. Mtu hajamaliza nyiradi zake ndege imeshatua. Ni safari ya ndani ya nchi, haitaki pasipoti wala viza, na kwa sababu hiyo wengi wetu huiendea kama tunavyoiendea gari ya shamba: mtoto mgongoni, tiketi mkononi, basi. Hapo ndipo wazazi wanapoadhirika, na khasa akinamama.

Si zamani sana tulikuwepo wenyewe uwanjani kwa safari ya shughuli za duka letu. Mbele yetu alisimama mama mmoja na mwanawe, na mtoto huyo alikuwa na miadi na madaktari wa moyo Dar es Salaam asubuhi ya siku ya pili yake. Mama alitoa kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, kikakubaliwa bila ya neno. Karani akamtazama mtoto, akauliza umri. Mama akajibu kwamba hajatimiza miaka miwili. Karani akataka cheti cha kuzaliwa. Mama akaonyesha karatasi za hospitali zenye jina la mtoto, lakini cheti chenyewe alikuwa amekiacha sandukuni kwao Wete, kwa kuchelea kisije kikapotea njiani. Ilikuwa jioni, boti za siku ile zimeshaondoka. Ndege ikaruka, na miadi ikapita.

Sisi hatusemi kwamba karani yule alidhulumu. Alifanya alivyoamrishwa. Tunalolisema ni kwamba siku mama yule alipotoa fedha zake kununua tiketi, hapana mtu aliyemwambia neno juu ya cheti. Fedha zilipokewa kwa haraka. Sharti likaja kusomwa mlangoni, wakati hapana tena la kufanya.

Basi na tulifafanue sharti lenyewe, maana wengi hulichanganya, na makarani pia wamo. Anayemsafirisha mtoto huulizwa mambo matatu yaliyo mbali mbali: mtoto huyu ni nani, ana umri gani, na ni wa nani.

La umri ni la shirika la ndege, na lina sababu yake. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupakatwa na mtu mzima, hana kiti chake, na nauli yake ni sehemu ndogo tu ya nauli ya mkubwa. Akishatimiza miwili lazima awe na kiti na mkanda wake. Wala si suala la nauli peke yake: mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu, na barakoa za hewa zilizomo juu ya viti zina idadi yake. Sisi tulio wauza duka hatuwezi kuilaumu mizani. Lakini zingatieni kwamba umri huhesabiwa kwa siku ya safari, si kwa siku ya kununua tiketi. Mtoto akiondoka na mwaka mmoja na miezi 11, akarudi baada ya kutimiza miwili, katika kurudi atatakiwa kiti.

La mtoto ni nani ni la usalama, na hili kwa kweli ndilo jepesi kuliko yote. Marekani ina sheria kali ya vitambulisho iliyopitishwa mwaka 2005, ikaanza kutekelezwa katika viwanja vya ndege tarehe 7 Mei 2025. Juu ya ukali wake, mtoto aliye chini ya miaka 18 anayesafiri ndani ya nchi hiyo pamoja na mtu mzima hatakiwi na watu wa usalama kuonyesha kitambulisho. Hujulikana kwa yule aliyefuatana naye. Kwetu pia mtoto hapewi kitambulisho cha mtu mzima mpaka afike miaka 18, basi atadaiwaje kitu ambacho sheria haimpi?

Lililo zito ni la tatu: ni wa nani. Watoto huibwa na kuuzwa, na anayeuliza swali hili anamlinda mtoto. Lakini desturi yetu haifanani na ya Wazungu. Mke wa visiwani haachi jina la baba yake akachukua la mumewe, na mtoto huitwa kwa jina la baba na la babu. Mama na mwanawe wakisimama mbele ya karani, vitambulisho vyao havina hata jina moja la kuwaunganisha. Karatasi ya kuwaunganisha ni cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa ndani yake limeandikwa jina la mama. Na cheti chenyewe mara ngapi kimeharibiwa na kalamu? Khamis akaandikwa Hamisi, Abdalla akaongezwa herufi ya mwisho, na mzazi hakusoma alipokabidhiwa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Kifungu cha 7 cha mkataba huo kinasema mtoto aandikishwe mara tu anapozaliwa. Zanzibar ikaunda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa sheria ya mwaka 2018. Hayo ni mema. Hata hivyo mwananchi akitafuta karatasi huambiwa mara nyingi apitie kwa sheha, na sheha huteuliwa, hachaguliwi na watu wa shehia yake. Wanachama wetu wanajua maana ya kungoja barazani kwa sheha asiyependa rangi ya bendera yako. Watu wazima tumeyazoea, lakini mtoto wa miezi sita hana chama.

Tunayoyataka ni machache. Masharti ya watoto yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kila panapouzwa tiketi, na muuza tiketi ayatamke kabla ya kupokea fedha. Mgonjwa mchanga mwenye karatasi za hospitali atazamwe kwa karatasi hizo. Na nyinyi wazazi, someni cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani, mtoe nakala, na asili yake msafiri nayo.

Mama yule alisafiri wiki tatu baadaye, cheti kimo ndani ya mkoba. Alitupitia dukani aliporudi, akatwambia kwamba safari hiyo hapana aliyemtaka akitoe.