Kolwezi: Anayechukua vipimo naye apande ngazi

Mtaa wa Kasulo unajulikana duniani kwa kobalti iliyogunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka wa 2014. Waganga nao wanaujua kwa sababu nyingine. Mwaka wa 2018 jarida la Nature Sustainability lilitoa uchunguzi kuhusu wakaaji 72 wa Kasulo, wakiwemo watoto 32. Damu na mkojo wao vilikuwa na kobalti nyingi kuliko vya watu wa eneo jirani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Jina la kwanza kwenye uchunguzi huo ni la Mkongomani, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyefanya kazi pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji.

Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini uchunguzi wowote unaanzia mlangoni. Muuguzi au reko ndiye anayebisha hodi, anayemweleza mama kwa Kiswahili kwa nini mkojo wa mtoto unahitajika, anayepata ruhusa yake na kuandika majina bila kukosea. Mara nyingi mtu huyo analipwa kwa siku. Mradi ukiisha, anabaki na kofia na fulana, bila mkataba wala cheti. Mradi mwingine ukija, anaanza tena pale pale alipoanzia.

Wengine watasema watu wa hapa hawana diploma za kutosha. Beni imekwisha kujibu. Kuanzia Novemba 2018, katikati ya vita, Wakongomani walijaribu dawa nne za Ebola huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina kwa wagonjwa 681, wakiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na washirika wa Marekani. Dawa mbili zilionekana kuokoa maisha zaidi. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Jina la kwanza kwenye matokeo ni la mganga Mkongomani, Sabue Mulangu. Muyembe huyo huyo ndiye aliyechukua damu ya mgonjwa wa Yambuku mwaka wa 1976, ikapelekwa Ubelgiji, na kwa miaka mingi sifa ilikwenda kwa wengine. Ilichukua zaidi ya miaka 40 mambo kugeuka. Lualaba haina sababu ya kungoja muda huo.

Jambo hili linazigusa hasa familia zilizohamishwa. Sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta mwaka wa 2017 na watu wakaondoka. Cité Gécamines nayo watu wamehama kwa ajili ya mgodi wa COMMUS. Familia ikihama, nani anajua ilikokwenda? Ni yule reko aliyebisha hodi. Akiwa amekwisha kuachishwa, majibu ya vipimo yatamfikiaje mama aliyekubali mtoto wake apimwe?

Kwa hiyo, kila mradi wa uchunguzi unaoingia Lualaba ungepaswa kutimiza mambo matatu. Kwanza, mkataba wa maandishi unaoendelea mpaka familia zipewe majibu yao. Pili, nafasi ya masomo: muuguzi wa A2 afike A1, mwenye A1 afike A0, na fundi wa maabara ajifunze mashine yenyewe. Tatu, majina ya waliofanya kazi yaandikwe kwenye matokeo.

Pesa zipo. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Shule na visima ni vya lazima, lakini wakaaji walio kwenye kamati wanaweza pia kuomba nafasi chache za masomo ya maabara kila mwaka.

Shaba ya Kolwezi inasafiri kwa lori, na faida yake kubwa inabaki mbali. Damu ya watoto wa Kolwezi isifuate njia hiyo.