Nani Awezaye Kumwondoa Mhariri?

Gazeti la Tanganyika Standard lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1930, likiwa tawi la East African Standard ya Nairobi, nalo lilisema kwa sauti ya walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 bendera ilibadilika. Wenye gazeti hawakubadilika. Mwaka 1967 likaangukia mikononi mwa Lonrho, kampuni ya London iliyokuwa na migodi na mashamba barani Afrika. Kwa hiyo Mwalimu Nyerere alipolitaifisha tarehe 5 Februari 1970, hoja yake ilikuwa na uzito. Nchi iliyokwisha kutangaza Azimio la Arusha ingewezaje kusomewa habari zake kila asubuhi na kampuni ya namna hiyo?

Wengi husimulia kisa hiki na kuishia hapo. Husahau kwamba toleo la siku hiyo lilibeba pia tamko la Rais, lililoahidi kuwa gazeti litakuwa huru kukosoa vitendo vya viongozi wa TANU na wa Serikali. Mhariri mtendaji alikuwa Frene Ginwala, mwanaharakati wa ANC kutoka Afrika Kusini, naye aliwajibika kwa Rais moja kwa moja. Mwaka uliofuata tahariri ikamshutumu Rais Nimeiri wa Sudan kwa kuwaua viongozi wa kikomunisti. Ginwala akaondolewa. Mwezi Aprili 1972 gazeti likaunganishwa na The Nationalist, gazeti la chama, likazaliwa Daily News chini ya uhariri wa Benjamin Mkapa, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais.

Sioni kosa katika kutaifisha. Lonrho nayo isingemvumilia mhariri wa kuichunguza Lonrho. Kasoro ni kwamba uhuru wa mhariri uliegemezwa juu ya ahadi ya mtu yule yule aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa, hata kama mtu huyo alikuwa mwungwana kiasi gani.

Leo Daily News na ndugu yake HabariLeo ni mali ya kampuni ya Serikali, na magazeti binafsi yana matajiri wao. Mjadala wetu hung'ang'ania hisa ni za nani. Mimi ningependa Bunge lijadili sharti moja dogo: mhariri wa gazeti la umma asiondolewe mpaka sababu zimeandikwa na kuchapishwa katika gazeti hilo hilo, ukurasa wa mbele.