Si kila kitu ni spika, msidanganywe!

Jamani, nimechoka na matangazo ya vile vidude vinavyodaiwa kugeuza "kila kitu" kuwa spika. Kila kitu? Hebu kibandike kwenye ukuta wa mawe, kisha uniambie umesikia nini.

Ukweli ni kwamba unauziwa nusu ya spika. Ndani mna sumaku na koili ya waya kama kawaida, lakini ile karatasi inayosukuma hewa haimo. Kazi hiyo anaachiwa meza yako! Mlango wa mbao nyembamba utaimba vizuri. Zege halitetemi. Na besi nzito isahau.

Sipingi teknolojia yenyewe. Mwaka 2017 Sony walitoa televisheni ya A1E, ambayo skrini yake ndiyo inayotetema na kutoa sauti. Inafanya kazi kwa sababu wahandisi walijua ni skrini gani wanayoitetemesha, na bado waliweka spika ya besi kwenye stendi yake. Anayekuuzia kidude haijui meza yako.

Kwa hivyo, ukiona dukani kinajaribiwa juu ya katoni tupu, omba kiwekwe sakafuni. Ndipo utoe pesa, ukithubutu.