Mpiga Obo Achonge Ulimi Wake

Baadhi ya wenzetu hudai kwamba kazi ya mpiga obo ni kupiga tu; ndimi za kupulizia zinunuliwe dukani. Mimi napinga. Obo, ndugu ya zumari ya Pwani, hulia kwa vipande viwili vya tete vilivyofungwa kwa uzi kwenye kijibomba. Hata tete bora la Var, Ufaransa, huchakaa baada ya wiki chache tu. Mwaka jana ulimi wangu ulipasuka saa moja kabla ya mtihani, na duka liko ng'ambo. Nilifeli. Sasa nachonga mwenyewe: tisa naziharibu, wa kumi unalia. Walimu wetu, tufundisheni kisu pamoja na noti. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.