Usiache Sindano kwa Kijiko cha Mafuta

Ndugu unayejichoma insulini, usiache sindano hata siku moja eti kwa kuwa umeambiwa mafuta ya nazi au mawese "yanaamsha kongosho". Ushauri huo una ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana hauishi wateja.

Ukweli wenyewe ni huu. Ndani ya kongosho mna vikundi vya seli alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869, na humo ndimo zilimo seli za beta zinazotengeneza insulini. Seli hizo hazitegemei sukari tu, huchoma na asidi za mafuta. Zina pia kipokezi kiitwacho GPR40: asidi ya mafuta ikikigusa wakati sukari imeshapanda, insulini humwagika zaidi. Kampuni ya Takeda ilitengeneza dawa ya kukichochea, fasiglifam, lakini Desemba 2013 ikaiacha kwa kuhofia maini ya wagonjwa.

Faida hiyo ni ya muda mfupi. Maabara zimeonyesha kwamba seli hizi zikikaa kwenye asidi nyingi za mafuta mfululizo, na sukari nayo iko juu, huanza kuzembea, kisha hufa. Asidi ya palmitiki ndiyo hasa huziumiza, nayo imejaa kwenye mawese. Sisemi mchuzi wa mawese ni sumu, kula. Nasema kuyanywa kwa kijiko badala ya dawa ni kujitafutia balaa.

Kwa kisukari aina ya kwanza hatari ni kubwa zaidi. Kinga ya mwili imekwisha kuziua karibu seli zote za beta, sasa mafuta yatamwamsha nani? Insulini ikikosekana, mwili huyayeyusha mafuta yake wenyewe, ini likayageuza ketoni, na damu ikawa na asidi kali. Mtu anaweza kufa ndani ya siku chache.

Dalili: kiu isiyokatika, mkojo kila mara, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu na kwa kina, mdomo kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mtoto akiwa hivi, wengi hudhani ni malaria wakampa dawa na kungoja asubuhi. Msingoje. Mwende hospitali usiku huohuo, mdai apimwe sukari pamoja na hiyo malaria, na kama aliachishwa sindano, semeni tangu lini. Msione haya kuyataja na hayo mafuta.