Safari Yangu Haikuishia Dar es Salaam

Kwa Mkuu wa Ofisi,
Idara ya Tiketi na Huduma kwa Abiria,
Dar es Salaam.

YAH: TIKETI MBILI ZILIZOUZWA KAMA SAFARI MOJA

Ndugu Mkuu wa Ofisi,

Jina la shirika lako sitalitaja hapa. Yanayoelezwa katika waraka huu hayafanywi na shirika lako peke yake, na sipendi wenzenu wasome wakijiona wamepona. Nilikuandikia barua pepe nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, safari hii nikajibiwa na mtu, na jibu lake lilikuwa sentensi moja: "Safari yako nasi iliishia Dar es Salaam." Ndiyo maana naandika hadharani. Mimi Dar es Salaam sina kwetu. Kwetu ni Bukoba.

Wakala wenu hapo mjini alilijua hilo tangu tuliposalimiana. Nilimweleza kwamba naishi Denmark, natoka Copenhagen na watoto wangu wawili, nakwenda Bukoba kwenye sendofu ya mdogo wangu itakayofanyika Jumamosi. Akanipangia: Copenhagen hadi uwanja mmoja mkubwa wa Ghuba, kutoka huko hadi Dar, kisha Dar hadi Bukoba kwa ndege ya ndani inayotua kwanza Mwanza. Akajumlisha bei, nikalipa kwa mkupuo, nikapewa risiti moja. Karatasi ya safari aliyonitumia ilikuwa na nembo yenu juu, na vipande vyote vimepangwa chini yake kwa mfuatano, saa ya kutua na saa ya kuruka, mpaka Bukoba. Chini kabisa, kwa maandishi ya kutafutwa kwa tochi, palikuwa na namba mbili za uhifadhi wa nafasi badala ya moja.

Wewe, Ndugu Mkuu, unajua maana ya namba mbili. Abiria wengi hawajui, na hawana sababu ya kujua mpaka wakwame. Namba moja maana yake mashirika yote yaliyomo yanamtambua abiria mmoja na safari yake yote: begi linapokezanwa, na ndege ya kwanza ikichelewa, wanaotakiwa kuhangaika kumtafutia nafasi nyingine ni wao. Hata mitambo yenyewe haikubali kuuza tiketi hiyo kama muda wa kuunganisha ndege ni mfupi kuliko ule uliowekwa kwa uwanja husika. Namba mbili maana yake ni watu wawili wasiojuana wenye jina moja, jina langu. Mmoja anakwenda Dar. Mwingine amelala Dar tangu jana, ameshakunywa chai, anasubiri ndege ya Bukoba.

Niligundua nikiwa Kastrup, uwanja wa ndege wa Copenhagen, mbele ya kaunta. Mhudumu alizungushia utepe mpini wa begi la kwanza, nikaona herufi tatu zilizokolezwa wino: DAR. Begi linalokwenda Bukoba huandikwa BKZ. Nikamwonyesha karatasi yangu. Akabonyeza, akakunja uso, akanigeuzia kioo ili nione mwenyewe: safari yangu ilikuwa na mistari miwili tu, na baada ya Dar hapakuwa na kitu. Alikuwa mstaarabu. Akaniambia nikifika niyachukue mabegi, nipite forodhani, niyakabidhi upya. Nikauliza nikichelewa itakuwaje. Akasema hilo niwaulize wale wa ndege nyingine.

Ndege yenu ya kutoka Ghuba ilichelewa kuondoka. Sikulaumu kwa hilo, ndege huchelewa. Tulitua Dar saa mbili na dakika kadhaa nyuma ya ratiba. Kwenye karatasi ya wakala nilikuwa na saa nne za kuunganisha, zikabaki mbili kasoro. Wanangu wana pasipoti za Denmark, kwa sababu nchi yetu hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili na mimi na baba yao tuliamua mapema upande utakaowarahisishia shule. Kwa hiyo nyumbani kwa bibi yao wanaingia kwa viza, dola 50 kila mmoja, na foleni ya viza usiku wa ndege tatu kutua kwa pamoja unaijua. Kisha mkanda wa mabegi. Kisha mashine ya forodha. Kisha kutoka nje na toroli mbili, mtoto mmoja amelala juu ya begi, kutafuta usafiri wa kunitoa Terminal 3 hadi Terminal 2 kwenye ndege za ndani.

Hapo ndipo kilo zilipoanza kuongea. Kutoka Copenhagen mliniruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila abiria. Ndege ya ndani ilituhesabia kilo 23 kila mmoja, basi. Kama tiketi ingekuwa moja, uzito ulioruhusiwa mwanzo wa safari kwa kawaida ungenifuata hadi mwisho. Kwa tiketi mbili, nusu ya mzigo wangu uligeuka kuwa mzigo wa ziada wa kulipiwa kwa kilo. Aliyewahi kupita pale anaijua picha: masanduku yamefunguliwa sakafuni, watu wanahamisha viatu, maziwa ya unga, kipimo cha sukari cha mama, na mwanamke mzima amevaa makoti mawili ya baridi kwenye joto la Dar ili yasipandishwe mizani. Safari hii mwanamke huyo alikuwa jirani yangu wa foleni, anakwenda Mwanza, na tulicheka pamoja hadi akaanza kulia.

Makoti sikuhitaji kuyavaa. Kaunta ya Bukoba ilikuwa imeshafungwa.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana wewe si ofisi ya ndege za ndani. Siku ile nafasi hazikuwepo, na kesho yake, Jumamosi, ndege ilikuwa imejaa. Mdogo wangu nilimuona akiingia ukumbini kupitia simu ya binamu yetu, picha ikiganda kila MC alipopaza sauti. Nilifika Bukoba Jumapili, wajomba wakiwa wanakunja maturubai. Na siku ya kurudi nikakuta tiketi yangu ya Bukoba–Dar imefutwa, kwa kuwa asiyetokea kwenye kipande cha kwenda hufutiwa na cha kurudi. Nikanunua nyingine.

Sasa nije kwenye jibu lako. Sheria nimejifunza kwa hasira, ambayo ni mwalimu mzuri kuliko wengi niliowahi kuwa nao. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya humlinda kila abiria anayeondoka katika uwanja wa nchi mwanachama, hata ndege ikiwa ya shirika la nje kama lenu. Akifika mwisho wa safari yake akiwa amechelewa saa tatu au zaidi, na umbali ukizidi kilomita 3,500, fidia inaweza kufikia yuro 600 kwa kila kichwa, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba sababu ilikuwa nje ya uwezo wake. Jambo kubwa hapo ni mwisho wa safari. Bukoba nilifika siku mbili nyuma ya ratiba. Dar nilichelewa saa mbili na ushei. Mkihesabu Bukoba, mna deni la watu watatu. Mkihesabu Dar, hamdaiwi hata soda. Unaona, Ndugu Mkuu, kwa nini ile sentensi moja ilinikaa kooni? Kwa vitabu vyenu, mimi sikuchelewa.

Tarehe 6 Oktoba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kesi ya abiria aliyetoka Stuttgart kwenda Kansas City kwa kupitia Zürich na Philadelphia. Ndege zilikuwa za mashirika mawili, na kilichochelewa kilikuwa kipande cha mwisho, cha ndani ya Marekani. Mashirika hayo hayakuwa na mkataba wowote wa kisheria baina yao juu ya safari ile. Aliyeunganisha vipande ni wakala. Mahakama ikasema kwamba wakala akishaziunganisha, akatoza bei moja ya jumla na kutoa tiketi moja, hizo ni ndege za kuunganisha na safari ni moja. Soma tena mazingira yale: wakala, bei moja, kipande cha mwisho cha ndani ya nchi. Tofauti yangu na abiria wa Kansas City ni tiketi. Yeye alipewa moja, mimi nikapewa mbili ndani ya risiti moja.

Na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Denmark zote zimo, unasema usafirishaji unaofanywa na mashirika kadhaa yanayofuatana ni mmoja usiogawanyika, ikiwa wahusika wameuchukulia kuwa shughuli moja. Mimi niliuchukulia hivyo. Wakala aliyejumlisha bei aliuchukulia hivyo. Aliyegawanya ni wewe, tena baada ya mambo kuharibika.

Sikuiti mahakamani, wala sina nauli ya kwenda Luxembourg. Ninachotaka ni kwamba wakala anayetumia nembo yenu akiuza tiketi mbili kwa mkupuo, aseme kabla ya kupokea pesa, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa kama ya bei. Maneno yenyewe nimekuandikia ili usipate kazi: "Hizi ni tiketi mbili. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, utanunua nyingine mwenyewe. Mabegi utayachukua Dar na kuyakabidhi upya. Uzito wa ndege ya pili ni kilo 23." Hayafiki hata mistari minne ya karatasi. Mtu akishayasoma akakubali, shauri lake. Atapanga kulala Dar kwa shangazi, au atatanguliza mzigo kwa basi. Wengine watafanya kama wajanja wa Kagera wafanyavyo: kushukia Entebbe, kushika barabara ya Masaka, kuvuka mpaka Mutukula na kufika Bukoba kwa gari siku ile ile, bila kuiona Dar kabisa. Wa Ngara wanashukia Kigali na kupitia Rusumo. Watu wa Bukavu, Kongo, walishalijua hilo siku nyingi, wanatua Kamembe, upande wa Rwanda, na kuvuka daraja. Kila abiria wa aina hii ni pesa iliyokwenda kwa mwingine, na sidhani kama takwimu zenu zinaonyesha sababu.

Lakini onyo pekee ni kumtupia abiria mzigo kwa adabu. Dawa yenyewe ni mkataba wa kupokezana abiria na mabegi kati yenu na mashirika yanayoruka ndani ya Tanzania, mpaka Bukoba, Kigoma, Songea na Mtwara, ili Kastrup pawepo mtu wa kuandika BKZ kwenye utepe. Hili si jambo geni duniani. Mashirika yamekuwa yakiuziana viti namna hiyo kwa miongo mingi, na ninyi wenyewe mnafanya hivyo Ulaya. Jaribu kununua tiketi yenu ya kwenda mji wowote wa ukubwa wa kati wa Ujerumani. Utapewa namba moja, hata kipande cha mwisho kikiwa cha treni. Mdenmaki anayerudi kwao anafikishwa hadi Aalborg. Mhaya anateremshwa Dar na kuambiwa amefika.

Nasikia hoja kwamba abiria wa mikoani ni wachache na haba haba yao haijazi kibaba. Mwezi Desemba njoo usimame Terminal 2 asubuhi uhesabu masanduku yenye tepe za mashirika ya nje, halafu uniambie wachache ni wangapi. Wengine wanaleta wajukuu waonwe kwa mara ya kwanza, wengine wanakuja kuzika, na kaburi halisubiri nafasi ya keshokutwa.

Kuna dogo moja la mwisho. Simu ya ofisi yenu ya Dar haikupokelewa usiku ule, na ndege zenu nyingi hutua usiku. Muweke mtu. Hata kijana mmoja mwenye kiti, anayeweza kupiga simu kaunta ya ndani na kusema "kuna watu wangu watatu wako forodhani, msifunge," angetosha kunifikisha ukumbini Jumamosi ile.

Mdogo wangu sasa ni mjamzito, na mama ameshaniita nije kumsaidia kulea mzazi. Nitahitaji tiketi ya Copenhagen hadi Bukoba mwezi wa kumi na mbili, mtu mzima mmoja na watoto wawili. Wakala wenu amekwisha kunitumia bei. Nimemjibu kwamba silipi mpaka aniambie ni namba moja au mbili, naye amesema swali hilo lazima alilete kwako. Kwa hiyo litakuwa mezani pako wiki hii, Ndugu Mkuu. Bei aliyonipa inaisha Ijumaa.

Wako,

Abiria wa Copenhagen–Bukoba